Matone ya Kuzimia Klorini

Sifuri. Mpimaji alifuta miwani, akaitazama sahani ya kuoteshea vijidudu kwa mara ya tatu. Maji taka ya jiji yaliyotiwa klorini hayakuwa na kijidudu hata kimoja. Yale yaliyopitishwa kwenye taa za miale inayoua vijidudu yalikuwa na kumi na viwili. Mkurugenzi alitaka ripoti kabla ya saa sita: klorini ibaki, au taa zichukue nafasi yake?

Alifurahi, na furaha yenyewe ikamtia aibu. Mtambo wa klorini uliendeshwa na mjomba wake, aliyemlea na kumfundisha kazi. Taa zingeshinda, mzee angefungashiwa virago akiwa amebakiza miaka mitatu tu kustaafu.

Lakini sifuri ile ilikuwa nzuri mno, na yeye hakuwa mgeni wa kazi hii. Alifungua kabati. Dawa ya kuzimia klorini, aliyoiagiza ili mjomba aitie kwenye chupa alipochukua sampuli za jaribio hili, ilikuwa bado na lakiri. Bila matone ya dawa hiyo, klorini huendelea kuua vijidudu ndani ya chupa ya sampuli njia nzima hadi maabara. Lakini huko mtoni maji hayo yanakoishia, klorini huzimuka upesi, na pale watu wanapochota maji ya kumwagilia mboga, vijidudu viko hai.

Alimkuta mzee akikaza vali.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Mbona umenuna hivyo, klorini imekuingia puani?"

"Chupa za jana, ulitia matone?"

Mzaha ukamkauka mzee mdomoni.

"Ulisahau tu, sivyo?" mpimaji alisema haraka, akimtafutia pa kutokea. "Kila mtu husahau."

"Mpwa wangu, miaka ishirini na sita sijasahau hata siku moja." Alivua glavu taratibu. "Hata jana sikusahau."

Mpimaji alitaka kumkaripia, akataka kulia. Mwishowe alimpigia Mkurugenzi simu, akaomba siku moja zaidi.

Alipogeuka, mzee alikuwa amebeba kreti ya chupa safi.

"Nihesabie," alisema, vile alivyozoea kumwambia mpwa wake alipokuwa akijifunza kazi.

Mpimaji akahesabu matone. Mzee aliyatia chupa baada ya chupa, hakuruka hata moja.

Kesho yake taa zilitoa kumi na moja. Klorini, mia tatu na arobaini. Mzee aliisoma ripoti yote, akaomba kalamu, akatia sahihi palipoandikwa "aliyechukua sampuli".

"Sasa ipeleke," alisema, "kabla sijabadili mawazo."