Gundi Nyekundu ya Lori la Runyenjes

Kivuti aliegemeza kifuniko cha kemshafti, kile cha juu ya injini, gotini, akakwangua gundi kuukuu kwa kisu butu, kisha akafuta kingo zake kwa kitambaa cha petroli. Lori la serikali lilikuwa limerudi Runyenjes likivuja tena. Mwanzoni lilivuja oili. Tangu masika lilikuwa likivuja sauti.

Ulikuwa mwaka wa tatu wa hali ya hatari. Lori hilo ndilo lililobeba watu waliokamatwa, na maneno waliyokuwa hawajayamaliza yalibaki kwenye injini. Injini ikipata moto, yalipenya pembeni mwa kifuniko pamoja na moshi kidogo. Mmoja alitaka mbuzi wake afunguliwe kamba. Mwingine alitaja majina ya wanawe, akakosea la kitinda mimba, akaanza upya.

"Wananisumbua na gia," alilalamika Jumaa, dereva mpya. "Kwa mlima siwezi kusikia injini inataka gia gani."

Kivuti naye alikuwa na sauti ya mtu wake humo. Baba yake, Mzee Mbaka, alichukuliwa na lori hilo hilo siku ambayo Kivuti alilitengeneza. Asubuhi alilipaka gundi, likaacha kudondosha oili, Inspekta, Mzungu wa kituo, akamsifu. Mchana likaenda kijijini kwao, likarudi limejaa. Dereva wa siku hiyo alihamishwa, na kila aliyeulizwa Mzee yuko wapi aliinamisha macho. Basi Kivuti akategemea masikio yake. Kila alipofunga kifuniko aliacha pembe moja bila gundi, upana wa punje ya mtama, na injini ikipata moto Mzee aliendelea pale alipoishia.

"Tumevuka mto Thuci," alikuwa amesema wiki ile. "Sasa tunapita Chuka. Kuna baridi, na blanketi nimeliacha."

Maneno hayo Kivuti alimpelekea mama yake jioni, ndani ya kijiji kilichozungushiwa mtaro. Mama aliyapokea huku akichagua maharagwe.

"Blanketi nilimwambia," alisema. "Hasikii, huyo."

Siku hii Kivuti alifunga kifuniko vilevile, akawasha injini kuijaribu. Ikapata moto. Mzee akasema, "Mwambie mama yako, tumeshushwa..."

"Zima!"

Inspekta alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kiunoni. "Hii kelele mimi hapana taka. Fungua, weka gundi mingi, zunguka yote."

"Bwana, gundi inawekwa kwa pembe tu," Kivuti alisema. "Ikizidi inaanguka ndani, inaziba njia ya oili. Injini itakufa."

"Weka."

Nyuma ya Inspekta, kando ya seng'enge, watu walikuwa wamekaa chini, mikono kichwani, wakingoja lori. Mwishoni mwa mstari palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Inspekta hakuionyesha, Kivuti aliiona mwenyewe. Aliogopa, akajichukia kwa kuogopa, na mikono yake ikafungua bolti.

Alipaka gundi nene, kingo zote, na ile pembe pia. Tumaini moja lilimbakia, kwamba injini ingekufa njiani.

Haikufa. Ilipanda milima yote kwa gia moja, imejaa maneno yasiyo na pa kutokea. Jumaa alirudi akicheka, akasema tangu azaliwe hajaendesha lori lenye nguvu namna hiyo. Inspekta akampa Kivuti sigara.

"Baba yako amesema nini leo?" mama aliuliza jioni.

"Amenyamaza."

"Amenyamaza, ama amenyamazishwa?"

Kivuti akaficha mikono nyuma. Mama akamshika mikono, akaitazama. Gundi ilikuwa imeganda chini ya kucha, nyekundu. Akachukua gunzi la mahindi akaanza kumsugua, maana mtu hali chakula na mikono hiyo. Kipande kidogo kikabanduka, kikaangukia jivu la moto jikoni, na kilipopata joto kikasema kwa sauti ya Mzee, "...hapa."

Wakangoja. Hakikusema kingine.

"Amesema hapa," alisema mama.

"Hapa ni wapi, mama?"

Mama alikoroga jivu kwa kijiti, akatafuta, akaacha. Filimbi ya kafyu ikalia. Akapakua githeri, mahindi na maharagwe yake, sahani mbili, ya tatu akaifunika. Kule barabarani lori likapita limejaa watu, na halikuvuja hata neno.