Sawa ya Tukiran

Katika saluni ya Mama Agathe, karibu na Point, Durban, watu walikuwa na mchezo wao. Dominiki Niyongabo akiingia tu kunyolewa, wanaanza kumtega. Agathe, mama wa Bukavu mwenye mikono mizito na moyo mwepesi, anamshika kichwa na kumuuliza: "Papa Domi, nikukate hivi, iko sawa?" Dominiki anajibu, "Kata." Achille, anayeuza simu za kwenda Kongo pale mlangoni, anaingilia kati: "Papa, kesho misa iko saa tatu, sawa?" Dominiki anasema, "Nimesikia." Wote wanacheka. Walishawekeana dau la soda, ainywe atakayemtoa Dominiki neno sawa, na miezi ikapita hakuna aliyeinywa. Wengine walisema ni maringo ya Warundi. Wengine walisema ni nadhiri. Hakuna aliyemuuliza sababu, na wangemuuliza asingewaambia.

Sababu yenyewe ilikuja na meli.

Ilikuwa mwaka 1997, mwezi wa saba. Meli ile iliingia bandarini ikiwa na kutu mpaka kwenye bendera, na bendera yenyewe ilikuwa ya nchi ambayo hakuna baharia wake hata mmoja aliyewahi kuikanyaga. Mwenye meli alikuwa na jina hili katika karatasi hii na jina lile katika karatasi ile. Mahakama ikaifunga meli, mwenye mali akatoweka, na watu kumi na wanne wakabaki juu yake kama kuku waliosahauliwa tengani. Kushuka hawaruhusiwi, hawana viza. Kuondoka hawawezi, meli imefungwa. Sheria za wakubwa zina ufundi huo: mtu anaweza kuwa mahali na asihesabiwe kuwa yupo. Mkimbizi analijua hilo bila kufundishwa.

Chini ya ngazi ya meli ile aliwekwa Dominiki, mlinzi wa mchana. Kampuni ilimpa koti, redio ya mkononi, na maagizo mawili: asishuke mtu, na ofisi isisumbuliwe bure. Huyu ndiye Dominiki ambaye katika mikutano ya wakimbizi alikuwa wa kwanza kusimama na wa mwisho kuketi, aliyejifunza sheria za Afrika Kusini kwa kusoma magazeti yaliyofungiwa samaki. Lakini mwenye njaa hachagui koti.

Siku ya pili baharia mmoja mwembamba, wa umri wake hasa, alikaa juu ya ngazi akamwita: "Mas! Apa kabar?" Mas kwao ni kaka. Dominiki alisikia "habari" ndani ya neno lile, akajibu kwa Kiswahili, "Nzuri." Yule mtu akasimama kama aliyeguswa na umeme. Wakaanza kuwinda maneno. Mmoja akasema meza, mwingine akasema meja. Karatasi, kertas. Kaburi, kubur. Dunia ilikuwa dunia pande zote mbili. Walipofika kwa hakimu, ambaye kule ni hakim, walicheka mpaka mpishi akatoka jikoni kuangalia kuna nini, kwani hakimu ndiye aliyewafunga. Wafanyabiashara wa kale walipita kwao na kwetu wakimwaga maneno yaleyale. Palipokosekana neno, walitumia Kiingereza cha bandarini, mikono, na chaki juu ya saruji. Dominiki akaona lugha ile ni ndugu yake wa damu. Hakukumbuka kwamba ndugu hukudanganya vizuri kuliko mgeni, kwa sababu humchunguzi.

Jina lake lilikuwa Tukiran. Tukiran tu. Kwao mtu wa shamba anapewa jina moja, likatosha. Hilo Dominiki alilielewa, maana kwa Warundi nako jina la baba halimfuati mtoto, na ofisi za Durban zilishamsumbua sana kwa hilo.

Kijiji chake kiliitwa Kedungwaru, katika nchi ya Wonogiri, kusini mwa kisiwa cha Java. Kwa chaki alimchorea: hapa vilima vya chokaa, vimekauka, hapaoti ila muhogo. Watu wanaumenya, wanauanika juu ya mapaa mpaka kijiji kizima kinakuwa cheupe, kisha wanautwanga na kuupika kwa mvuke. Dominiki akapiga goti lake. "Makopa! Ugali wa makopa!" Akatamani kulia, maana hakuna chakula kinachomkumbusha mtu mama yake kama kile cha kimaskini. Kisha Tukiran akachora bonde na mto, na kando ya mto mashamba ya mpunga, ngazi juu ya ngazi, kila ngazi na maji yake. Asubuhi isiyo na wingu, alisema, mlima Lawu ulisimama kichwa chini ndani ya shamba la baba, na wanawake walipanda miche juu ya kilele chake.

Halafu akafuta vyote kwa kiganja.

Alikuwa na miaka kumi na miwili walipokuja watu wa serikali na kipaza sauti na ramani. Bonde litakuwa bwawa. Watu wa mabondeni huko chini watapata umeme, na watu wa Kedungwaru watapelekwa Sumatra, kisiwa kingine, wakafyeke msitu. Wengi walipanda mabasi, kijiji kizima pamoja na mkuu wake na ngoma zake za shaba. Baba yake alikataa. Wakamwambia anayekataa ni mtu wa chama cha kikomunisti kilichopigwa marufuku, na kule neno hilo halikuwa tusi tu. Mwaka sitini na tano walioitwa hivyo walipandishwa malori, na mto ukawabeba. Baba alirudi shambani akaendelea kupalilia, na kabla ya mwaka kwisha akafa bila ugonjwa wenye jina. Walimzika pembeni mwa shamba lake. Mwaka uliofuata maji yakapanda, yakafunika shamba na kaburi pamoja.

Neno malori lilimrudisha Dominiki kwao. Mwaka sabini na mbili, milimani juu ya Rumonge, naye alikuwa na miaka tisa lori liliposimama mbele ya nyumba yao kumchukua baba. Dereva alimwambia mama yake kwa Kiswahili, kwa upole kabisa: "Mama, iko sawa. Kesho atarudi." Baba hana kaburi hata la chini ya maji.

Mwezi wa kumi Tukiran akapata barua ya dada yake. Ule ulikuwa mwaka wa ukame, Java yote ilikuwa ikifuka moshi. Bwawa lilikuwa limerudi nyuma mpaka penye mto wa zamani. Miaka mingine yalijitokeza mashamba ya juu tu, na watu waliteremka kulima udongo wao wenyewe kwa miezi michache, kama wezi. Safari hii la kwao pia lilikuwa limetoka. Kuta ndogo za udongo zilionekana zote, na mawe mawili ya kaburi la baba yalisimama. Mama alikuwa akishuka kila siku, keshapanda, na kila siku anauliza: mvua itanyesha mwezi wa kumi na mbili, Tukiran atafika kabla?

Hicho tu ndicho alichotaka. Hakutaka fidia wala gazeti. Alitaka kusimama penye kaburi la baba yake kabla maji hayajarudi.

Dominiki akamwambia utafika. Aliandika barua tatu kwa Kiingereza, kamusi magotini: moja kwa mahakama, moja kwa wamisionari wa mabaharia, moja kwa gazeti. Jibu lilikuja moja, likisema suala linashughulikiwa. Yeyote aliyewahi kushughulikiwa anajua maana yake.

Wakati huo maji ya tangi la meli yalikuwa yamegeuka rangi ya chai. Wiki ya kwanza ya Novemba Tukiran hakuonekana juu ya ngazi siku tatu. Siku ya nne, yapata saa kumi na moja jioni, Dominiki alivunja agizo akapanda. Mpishi, mzee waliyemwita Pak Wagiman, yaani baba Wagiman, alikuwa amekwenda kuomba maji safi meli ya jirani. Tukiran alilala peke yake chini ya turubai, midomo imepasuka, mikono juu ya tumbo.

Dominiki akachuchumaa. "Ndugu yangu, uko sawa?"

Tukiran akafungua macho. "Sawah," akasema.

"Sawa kabisa?"

"Sawah, Mas. Sawah."

Akatabasamu. Mwishoni mwa neno palikuwa na pumzi ndogo, kama mtu anayepuliza jivu. Dominiki aliidhania pumzi ya homa.

Redio ilikuwa kiunoni. Angebonyeza tu, akasema kuna mgonjwa. Msimamizi angekuja na maswali yake: nani kakutuma kupanda, umeajiriwa mlinzi au nesi? Na zamu ilibaki saa moja tu. Na mtu mwenyewe kasema, mara tatu, kwa kinywa chake. Dominiki alimvutia turubai afunike miguu, akashuka, na saa kumi na mbili akapanda teksi ya kwenda kwake Cato Manor.

Tusimsingizie ujinga. Alijua sura ya mgonjwa, alikuwa amepita kambi tatu. Lakini neno lile lilimfaa. Hakuna neno linalomfaa mtu anayetaka kwenda nyumbani kama sawa. Wenye ofisi wanalijua hilo tangu zamani. Maskini hulijifunza kwao siku anapovaa koti lao.

Asubuhi alikuta bendera ya meli imeshushwa nusu, na hakuhitaji kuuliza. Daktari aliyekuja kwa maiti alisema ni homa ya matumbo, utumbo ulitoboka.

Wahindi Waislamu wa mjini walimwosha na kumzika kama wa kwao, Mungu awalipe. Karani mmoja ndiye aliyegoma: fomu inataka majina mawili. Akaandika Tukiran Tukiran, akaridhika. Mabaharia wanne waliruhusiwa kwenda kuzika chini ya ulinzi, na mlinzi alikuwa Dominiki.

Watu walipotawanyika, Pak Wagiman alibaki amechuchumaa penye udongo mbichi. Alisimulia taratibu, kwa Kiingereza cha vipande, siku ya mwisho ilivyokuwa. Homa ilimrudisha nyumbani tangu asubuhi. Kila aliyemuuliza, wamletee nini, anaumwa wapi, alijibu neno moja tu, sawah.

"Na mimi aliniambia," Dominiki alisema. "Aliniambia yuko sawa."

Mzee alimtazama, akauliza nini kwa lugha yake: "Apa?"

"Sawa. Salama. Mzima."

Pak Wagiman alitikisa kichwa. Aliinama juu ya kaburi, akachora kwa kidole katika ule udongo mwekundu: mraba, na juu yake mraba, na juu yake mwingine, ngazi. Akakinga kiganja kama anayemimina maji ndani yake. Kisha kwa ncha ya kidole akatoboa vishimo vidogo, kimoja kimoja, akirudi kinyumenyume, kama wanawake wapandavyo mpunga.

"Sawah," akasema, na pumzi ile mwishoni.

Dominiki aliangalia mchoro. Miezi yote ile Tukiran alimwonyesha shamba kwa chaki, na yeye hakuwahi kumuuliza kwao shamba la mpunga huitwaje. Alitaka kumweleza mzee kuhusu redio. Alianza, akakosa neno ambalo watu wote wawili walikuwa nalo. Mzee akadhani analia tu kama wanavyolia watu, akamshika bega.

Kabla hawajaondoka, Pak Wagiman alijaza udongo wa kaburi katika kopo la maziwa ya unga, akakandamiza kifuniko. Alisema Mungu akipenda waondoke mapema, ataushusha mpaka pale chini bondeni, auchanganye na wa kaburi la baba yake Tukiran.

Dominiki alirudisha koti wiki hiyohiyo. Chama cha mabaharia kiliwapatia wenzake Tukiran tiketi za kurudi kwao katikati ya Desemba. Kifo kimoja kilifanya kazi ambayo barua tatu zilishindwa. Yeye akaenda South Beach kulinda magari ya watu waliokuja kuogelea. Huko hakuna agizo la kutosumbua ofisi, na mikutanoni alirudi kusimama, tena kwa ukali zaidi. Watu walidhani anawakasirikia wazungu wa maofisini. Nao wamo.

Barua ilifika Machi, kupitia sanduku la posta la Mama Agathe. Ilikuwa ya Pak Wagiman, ukurasa mmoja, kwa lugha ya kwao, maana mzee hakuweza kuandika nyingine. Dominiki aliifungua palepale kwenye kiti cha saluni, shuka shingoni. Alitafuta maneno ya udugu, akayapata moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Kabar. Desember. Kubur. Ibu, ambaye ni mama; hilo Tukiran alimfundisha. Palikuwa na neno air mara tatu, yaani maji, na chini ya hilo la tatu mzee, aliyemjua msomaji wake, alikuwa amechora. Hakuchora ngazi. Alichora mstari mmoja ulionyooka toka pembe hadi pembe ya karatasi, na juu ya mstari mtumbwi, na ndani ya mtumbwi watu wawili, mmoja amevaa kilemba cha kike, mmoja ameshika kopo.

Maji yalikuwa yamewahi.

Agathe aliacha mkasi. Alikuwa ameona uso wake katika kioo, na safari hii hakuwa na mchezo.

"Papa Domi, habari ya nyumbani kwa huyo rafiki yako aliyekuandikia? Iko sawa?"

Dominiki aliikunja barua mara nne.

"Sawah," akasema.

Mlangoni Achille alipiga kofi, akaita soda ya dau. Agathe alishusha pumzi, akaushika tena mkasi. Alidhani amejibiwa.