Jino Kwenye Unga wa Chuma

Naapa kwa pumzi hii ninayoivuta bila kifua kupiga filimbi: haya ni kweli tupu, na mwenye shaka aniulize mimi mwenyewe.

Ngumi ilinipata tayani kabla sijameza tonge la mchana. Damu ikarukia mashine.

"Inuka, shemeji!" alifoka mume wa dada yangu. "Jasho litoke!"

Tulikuwa tukisaga chuma kuwa unga wa kuchanganyia rangi. Ule ulioonekana hewani ulikuwa wa chembe kubwa. Ule laini wenyewe haukuonekana, ulipenya kitambaa tulichojifunga puani kama mgeni asiyebisha hodi. Fundi aliyenitangulia kwenye mashine ile alikohoa damu akakonda mpaka jeneza lake likabebwa na watu wawili tu. Dada akamkunja mumewe shati: "Kaka yangu akifa kwa kifua, usirudi kwangu."

Daktari alikuwa amesema kwamba mwili uliozoea mazoezi huenda ukaistahimili sumu ile vizuri zaidi. Alisema huenda. Hiyo huenda shemeji hakuisikia.

Aliwahi kuwa bondia, hakujua zoezi jingine. Basi kila adhuhuri, nyuma ya tanuri la kiwanda, kando ya mashine, alinitwanga. Mbavu. Tumbo. Pua. Nikikaa chini, teke. Nikimdanganya kwamba naumwa, adhabu ilikuwa moja: kuruka kamba mpaka magoti yaombe radhi. Nilimchukia kwa moyo wangu wote, na moyo wenyewe, kwa kupigwa huko, ulizidi kuwa na nguvu za kumchukia.

Siku moja akashusha mkono wa kushoto. Nikakusanya matusi yote niliyoyameza, nikayafunga kwenye ngumi. Jino lake liliruka juu, likatua kwenye lundo la unga, likang'aa kama fedha. Akaanguka chali, tanuri likatikisika, mabati ya paa yakapeperuka...

"Mzee," mke wangu akanikatiza, ufagio mkononi, "hebu waonyeshe wageni. Pengo liko kinywani mwa nani?"

Nikafumba mdomo. Nilikuwa nimechelewa. Shemeji, mvi tupu, aliyekuwa kaketi kando yangu muda wote, akacheka na meno yake yote.

"Hata kunigusa hukuwahi," akasema.

Akainama chini ya kiti, akanirushia kamba ya kuruka. Nikavua kandambili.

"Hesabu kwa sauti, shemeji," akasema, macho kayafumba. "Nisikie hiyo pumzi."