Kiti Kisichokaliwa

Mama mkwe alikubali kuhamia kwa binti yake kwa masharti mawili, na yote mawili yalihusu gari. Gari la marehemu mumewe lije pamoja naye, tena lije zima, lisiongezwe hata mkwaruzo. Na kiti cha dereva asikikalie mtu. Likivunjwa sharti moja, alisema, atapanda lori lile lile lililomleta, atarudi kwake, na asitokee mtu wa kumbembeleza.

Hakuna aliyethubutu kubisha, maana huko kurudi kwake ndiko kulikowanyima usingizi. Tangu mzee afariki, mama aliishi peke yake, na majuzi alianguka bafuni akabaki sakafuni kutwa nzima, mpaka jirani aliposhangaa kuona nguo hazijaanuliwa. Tangu hapo simu ikilia, binti yake moyo unamruka kabla hajajua ni nani. Mume wa binti ni seremala. Hakusema mengi, aliongeza chumba upande wa chini wa nyumba, akaunda kitanda kifupi ambacho mtu mzima anashuka bila taabu, akagongomea vishikio ukutani. Kilichokuwa kimebaki ni mwenye chumba kukubali.

Gari lenyewe sasa. Halikuwa limeguswa tangu mzee alipolizima kwa mara ya mwisho. Kwamba haliwaki, hilo kila mtu alilitarajia. Shida ni kwamba hata magurudumu yalikataa kuzunguka, breki zimeshikwa na kutu zikagandamana, ukilisukuma ni sawa na kusukuma nyumba. Breki ya mkono haikuwa imevutwa. Mzee alikuwa akisema breki ya mkono ni ya watu wasiojua kuegesha. Yeye alikuwa na jiwe lake jeusi, bapa upande mmoja, ambalo alilitia nyuma ya gurudumu kila aliposhuka, hata akiwa anashuka kununua sabuni tu.

Siku ya kuamkia safari, seremala alikwenda kulitazama. Akajaza matairi upepo, na kwa kuwa mikono yake haijui kukaa bure, akamimina mafuta ya kulainishia kutu kwenye kila gurudumu na kugonga kwa nyundo mpaka masikio yakamlia. Hakikusogea kitu. Akafuta mikono akaenda zake, wala hakumwambia mtu, kwani nani hutangaza kazi iliyomshinda?

Mwenye lori la kubebea magari mabovu walimwita Kimya, na aliitwa hivyo kwa sababu hanyamazi. Alipaka sabuni ya mche juu ya kitanda cha chuma cha lori, akalifunga gari kwa kamba ya winchi, ile mashine ya kuvutia, akalivuta likilia kwa kila hatua. Usukani aliushika kwa kupitisha mkono dirishani, amejipinda mgongo, kwa sababu mama mkwe alisimama pale pale akilinda kiti. Kimya aliuliza kama hawezi hata kukaa ukingoni kidogo. Alitazamwa tu, akaufyata.

Jiwe jeusi lilibaki chini, peke yake, pale gari lilipokuwa. Seremala aliliona. Akaliruka.

Ndani ya lori walikaa watatu, seremala katikati. Mama mkwe hakuwahi kusema naye moja kwa moja tangu amwoe binti yake. Hakumtukana, hakumnunia, alimwita "mwenzetu" na kumpelekea maneno kupitia kwa mtu wa tatu. Mwulize mwenzetu kama amekula. Mwambie mwenzetu mvua inakuja. Siku hiyo binti hakuwemo, hivyo akamtumia Kimya. "Mwambie mwenzetu asiniegemee," alisema, na Kimya, bila haya, akamgeukia seremala aliyebanwa baina yao akamwambia asimwegemee mama. Njia ilikuwa na mashimo. Kila lori liliporuka, mama aligeuka nyuma kutazama kama gari bado lipo.

Walipofika, Kimya aliingiza lori kinyumenyume getini. Uwanja wa seremala unateremka kutoka getini hadi chini kwenye chumba kipya, na dirisha la chumba hicho ni la chini, alilishusha makusudi ili mama aone nje akiwa amelala. Humo ndani mkewe alikuwa akitundika pazia. Mama mkwe alishuka, akaweka begi lake barazani, na binti alipotoka mbio kulichukua akakatazwa. Begi litaingia, alisema, gari likishashuka salama. Binti akarudi kwenye pazia lake akiwa na uso wa mtu anayesubiri majibu ya daktari.

Kimya aliinua kitanda cha lori. Gari halikuteleza. Akakiinua zaidi, mpaka pua ya gari ikatazama mawingu, nalo likang'ang'ania pale pale. Sabuni yote ilikuwa imeliwa na vumbi la njiani. Basi akaeleza dawa yake. Pembeni mwa uwanja palikuwa na kisiki kinene cha mti uliokatwa. Atafunga mnyororo kutoka nyuma ya gari hadi kwenye kisiki, kisha ataondoa lori taratibu. Kisiki kitalishika gari, lori litatoka chini yake, basi, kwisha habari.

Seremala alitazama mteremko, akatazama dirisha. Akauliza kama haingefaa kamba ya winchi ibaki imefungwa mbele, wailegeze polepole, lolote likitokea.

"Kamba ni ya kuzuia kitu kinachotaka kwenda," Kimya alisema akiifungua. "Hili ni maiti. Linataka kwenda wapi?"

Seremala angeweza kusema kitu hapo. Angeweza kutaja mafuta na nyundo. Lakini mama mkwe alikuwa akitazama, na yeye hakutaka kuonekana mwoga wala mtu wa kuchokonoa mambo mbele yake.

Lori likaanza kusogea. Mnyororo ulikaza hadi ukatetemeka. Gari likakwaruza chuma kwa sauti ya kutia meno ganzi, likashuka nyuma kidogo kidogo, magurudumu ya nyuma yakagusa udongo na kuuchimba. Seremala alitembea kando yake, mkono hewani, kana kwamba likianguka angelidaka. Kisha ukingo wa lori ukaisha na sehemu ya mbele ikaanguka chini kwa kishindo, milango ikagongana, vioo vikalia. Lori lilikuwa limekwisha toka getini na gari lilikuwa limesimama uwanjani kwa miguu yake minne, bila mkwaruzo.

Kimya akaja akicheka, akafungua mnyororo. Seremala akapumua.

"Mwambie mwenzetu," mama mkwe alimwita binti yake aliyekuwa dirishani, "aweke jiwe."

Seremala alihisi masikio yakimpata moto. Jiwe lilikuwa limebaki huko walikotoka. Kimya akamwahi, mdomo mali yake. Alisema jiwe la nini tena, gari lenyewe ndilo jiwe, mama atazame mwenyewe. Na ili mama atazame mwenyewe, akachukua nondo yake akaligonga gurudumu la nyuma, mara moja, kwa nguvu.

Kitu kikalia kak.

Hakuna aliyecheka. Gurudumu lilizunguka kidogo tu, kama linajaribu, kisha likazunguka tena, na mengine, yaliyokwisha kulegezwa na mafuta na kile kishindo, yakalifuata. Gari likaanza kurudi nyuma kuteremka, polepole mwanzoni. Kimya alilisukuma kwa bega, likamsogeza, akaruka pembeni asije akalaliwa. Dirishani mke wa seremala alikuwa ameshika pazia kwa mikono miwili na hakuondoka.

Seremala alikimbia. Alivuta mlango wa dereva, ukafunguka, akajirusha ndani bila kufikiri, magoti yakagonga usukani. Mzee alikuwa mfupi na kiti kilikuwa mbele kabisa. Akakanyaga breki, pedali ikazama hadi chini, haina kitu. Gari likaongeza mwendo. Akaishika breki ya mkono, ile ya wasiojua kuegesha, akaivuta kwa mikono miwili, meno ya breki yakatatarika moja baada ya jingine, na gari bado linakwenda. Akaivuta tena huku akilia kwa sauti ambayo hakuijua kuwa ni yake. Magurudumu yakaguna. Gari likapunguza, likapunguza, likasimama.

Aligeuza shingo. Aliweza kuhesabu maua ya pazia.

Alipolegeza vidole kidogo gari likasogea. Meno ya breki yalikuwa yameliwa na kutu, hayakushika chochote. Kilichoshika ni mikono yake. Akapiga kelele waje na jiwe. Kimya alizunguka uwanja mzima asione hata kokoto, maana binti alikuwa amefagia tangu alfajiri kwa ajili ya mama yake. Akakimbilia karakana kutafuta magogo.

Hapo ndipo seremala alipokumbuka alipokaa.

Mama mkwe alikuwa akiteremka uwanjani, hatua zake fupi fupi, mkono mmoja ukutani. Alifika usawa wa dirisha la dereva akasimama. Alimtazama aliyekaa. Alitazama mikono, na magoti yaliyobanwa. Kisha akatazama dirisha la chumba, na binti yake nyuma ya kioo.

"Nisamehe, mama," seremala alisema. "Tafadhali usisimame hapo. Linaweza kuondoka wakati wowote."

Mama mkwe alizunguka mbele ya gari hadi mlango wa pili, akauinua kidogo kabla ya kuuvuta, kama mlango ule ulivyotaka, akaingia, akakaa, akaufunga. Hakuwa amekaa hapo tangu mzee afariki.

"Mama, shuka. Mkono unachoka."

"Hautachoka," alisema.

Ilimchukua seremala muda kutambua kuwa maneno hayo hayakupitia kwa mtu. Walikaa hivyo bega kwa bega, wakitazama mbele kupitia kioo kilichojaa vumbi, na gari lote limening'inia kwenye vidole vyake. Alikaza mpaka mkono ukafa ganzi. Kimya akarudi mbio na vipande vya mbao, akavigongomea nyuma ya magurudumu yote, akasema basi, aachie. Seremala hakuweza. Vidole vilikataa kufunguka. Mama mkwe akaweka mkono wake juu ya mkono wa seremala, akavifungua kimoja kimoja, gari likakaa.

Seremala akataka kushuka haraka.

"Magoti yako yataumia hivyo," mama mkwe alisema. "Vuta kiti nyuma. Kishikio kiko chini, mkono wa kulia."

"Mama, kiti cha Baba..."

"Yeye alikuwa mfupi. Wewe si mfupi. Vuta."

Akapapasa chini akakipata. Kiti kilikwama, kikakwaruza kwa kutu, kisha kikarudi nyuma na miguu yake ikanyooka. Mama mkwe aligeuza uso dirishani kwa muda, mabega yakimtetemeka. Alipomaliza, alifuta macho kwa ncha ya mtandio, akashusha kioo, akamwita binti yake aliyekuwa amesimama nje ya mlango wa chumba asijue aende wapi.

"Ingiza begi," alimwambia. "Halafu mletee mumeo maji anawe, ana kutu mikononi. Na kesho mtu akanifuatie lile jiwe."