Chasisi ya Landrova ya Sista

Niliwahi kusema uongo wa maneno matatu tu, na maneno hayo yakampandisha mtu kwenye lori. Bora niyaseme mwenyewe kabla hamjayasikia kwa watu wa Nyakisasa, maana wale hawana dogo.

Mwaka wa tisini na saba nilikuwa na gereji palepale Nyakisasa, na kusema kweli kichwa kilikuwa kimenivimba. Sista Restituta wa zahanati akaniletea Landrova yake kuukuu, ile ya kubebea wajawazito. Chasisi, ile fremu ya chuma inayobeba bodi, ilikuwa imeliwa na kutu hadi ukiichoma kwa bisibisi inaingia. Alikuwa amepata chasisi nyingine kwenye gari lililopinduka huko Nyantakara.

"Modestus, utaweza kuibadilisha?" akaniuliza.

"Sista, kwangu hiyo ni kuvua shati na kuvaa jingine."

Jamani! Tangu nizaliwe sikuwa nimebadilisha chasisi hata moja.

Aliyeniokoa ni Bigirimana, Mrundi aliyekimbia vita na mkewe Nice, nikawapa chumba nyuma ya nyumba yangu. Aliomba kibarua, nikampa. Tulipokwisha kuinyanyua bodi, wanaume kumi na wawili na magogo mawili, mimi nikaamuru tuishushe moja kwa moja juu ya ile chasisi nyingine. Bigirimana akasema, "Ngoja kidogo, fundi." Akachukua kamba ya katani, akapima kutoka kona ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto, kisha akapima kona zile mbili zilizobaki.

"Umeanza kushona suruali?" nikamtania, watu wakacheka.

"Imepinda," akajibu kwa upole. "Vipimo havilingani. Tukiifunga hivi, gari litakwenda upande kama mbwa aliyepigwa kiunoni."

Nikafoka, nikamnyang'anya kamba, nikapima mwenyewe. Vipimo vilipishana vidole vinne. Siku tatu nzima aliinyosha kwa jeki na mnyororo: anakaza, anapima, analegeza, anapima tena. Mimi nilishika mnyororo pale aliponiambia nishike. Naam, kibarua alikuwa mimi.

Siku ya kulichukua gari, Sista alilizungusha uwanjani. Milango ikafunga vizuri, usukani ukatulia. Akashuka akipiga makofi. "Modestus! Mungu aibariki mikono yako!" Nami, mtu nisiye na haya, nikainyanyua mikono yenyewe watu waione. Bigirimana alikuwa nyuma yangu, anakusanya spana.

Hapohapo lori la askari likaingia. Amri ilikuwa imetoka kwamba Warundi wanaokaa vijijini wakusanywe kambini Lukole. Nice alikuwa ameshapandishwa, mimba ya miezi minane, amekumbatia godoro. Sista akamkimbilia mkubwa wao. Yule bwana hakuwa mkorofi. Akasema kama yupo mtu ambaye zahanati haiwezi kwenda bila yeye, aandikiwe barua sasa hivi, atabaki yeye na mkewe.

Sista akanigeukia, kalamu mkononi. "Modestus, Bigirimana amefanya nini hasa kwenye gari langu? Niambie, maana sitaandika uongo."

Uwanja mzima ukanitazama, walewale walioniona nikiinyanyua mikono. Nikajiambia, nikisema kweli leo watanicheka mpaka Rulenge.

"Anashika spana tu," nikasema.

Sista akamtazama Bigirimana. "Ni kweli, mwanangu?"

Miaka miwili tulikuwa tumekula chungu kimoja, mimi na yeye. Kwao kama kwetu, mgeni hamuumbui mwenyeji wake mbele ya watu, tena uani kwake. Akasema, "Mwenye nyumba ameshasema, Sista." Bado nilikuwa na nafasi. Kalamu ilikuwa bado wazi, lori halijawashwa. Nikatazama chini. Bigirimana akazirudisha spana zangu kwenye sanduku la gereji, akapanda lori.

Siku mbili zikapita. Mke wangu Petronila akaniambia, "Usipokwenda kwa Sista, nakwenda mimi." Nikaenda. Nikamweleza nimepiga magoti. Hakunikemea, na heri angenikemea. Aliandika barua, akawasha Landrova, tukaenda hadi Lukole.

Bigirimana tulimkuta chini ya gari la kusambaza maji kambini, miguu tu inaonekana. Akatoka, akajifuta, akamsalimu Sista kwanza, "Tumsifu Yesu Kristo." Nikampa barua kwa mikono miwili.

"Nimeshasema ukweli, ndugu yangu. Nilikuonea. Nisamehe, turudi nyumbani."

Akaisoma polepole hadi mwisho, akaikunja, akanirudishia.

"Nimekusamehe, Mzee Modestus. Lakini sirudi. Nice atajifungulia hapa, wakunga wapo. Na mimi kazi yangu hapa inajulikana kuwa ni yangu."

Nilitaka kumbembeleza. Nikafungua mdomo, na mtu akaita kwa nguvu kutoka upande wa pili wa gari, "Fundi! Hebu njoo uone huku!"

"Naam!" nikaitika, nikapiga hatua mbili.

Watu wote pale wakanishangaa. Bigirimana akainama, akaokota spana yake, akaenda alikoitwa.