Fundo Lisiloteleza

Mabomba mapya ya majitaka mtaani kwetu hayakuwa na shimo la kuingia mtu. Kila baada ya nyumba kadhaa kulichomoza mdomo wa bomba, upana wa sahani, na kifuniko juu. Mpira wa maji ya kasi unaingia, kamera inafuata, binadamu anabaki juu, mkavu.

"Shimo lisiloingilika lina jambo," alinung'unika mjomba, mzibuaji wetu. "Wameziba mashimo, sasa wanaziba riziki."

Nilimuunga mkono. Baba alikufa ndani ya shimo la zamani kwa hewa mbaya, lakini hata mimi sikuwaamini hawa wa kamera. Anayekupa raha bure, mwangalie mikono.

Wiki haijaisha, bomba likaziba. Uchafu ukarudi hadi jikoni kwa mama. Fundi wa kamera akashusha waya wake, tukainamia kioo cha kamera.

"Si nilisema!" Mjomba alichekelea. Kicheko kile hakikunikaa vizuri.

Kiooni lilionekana furushi la matambara limefungwa kamba. Nikalitazama fundo, nikalitambua. Lilikuwa fundo letu la kiunoni, la kumvutia mzibuaji juu kutoka shimoni. Mjomba hajui kufunga jingine. Hata kuni hufunga hivyo. Baada ya baba, tulibaki wawili tu tunaolijua.

"Maji hayalisogezi," fundi akasema. "Itabidi tuchimbe shimo la mtu, kama zamani."

"Hayo ndiyo maneno!" mjomba akadakia.

"Na nani atashuka?" mama akauliza, ndoo mkononi. "Wewe, kaka, na mgongo huo?"

Nikavua shati, macho kwa mjomba. "Nitashuka mimi. Nifunge."

"Shimo lenyewe halijachimbwa."

"Tupime kamba tu, mjomba. Au umesahau fundo?"

Akaizungusha kiunoni mwangu. Alipofika kwenye kitanzi, vidole vikagoma. Akatazama kioo, akanitazama mimi.

"Kaza basi!" nikamhimiza.

"Msichimbe," akasema kwa sauti ndogo. "Fungeni ndoana kwenye waya, inase ile kamba, mvute. Fundo halitaachia."

"Umejuaje?" fundi akauliza.

"Nimelifunga mimi."

Mama aliitua ndoo. Akaichomoa kamba kiunoni mwangu, akaikunja taratibu kama nguo ya marehemu.

"Kaka," akasema, "ufagio uko nyuma ya mlango. Anzia jikoni."