Majina Ndani ya Kadi

Walipomaliza kutufukuza sisi, wakaenda kuyafukuza majina yetu kwenye mashine.

Mume wangu Ntambwe ndiye aliyeandika programu ya pampu za mgodi. Ndani ya kompyuta mlikuwa na kadi ya swichi. Kila swichi iliwasha pampu moja. Mashine huelewa namba tu, lakini binadamu husahau namba, basi kila swichi akaipa jina la mtoto wetu: Kanku, Mushiya, na Tshibola, kitinda mimba. Programu ikimwita Tshibola, pampu kubwa inaamka. Nilimtania: "Huyu wa nyumbani haamki hata kwa maji!"

Mwaka 1993 sisi Wakasai tuliofukuzwa Katanga tulikuwa tunalala chini, kwenye gare, stesheni ya treni ya Kolwezi, tukingoja treni ya kuturudisha Kasai. Waliotuita bilulu, yaani wadudu, walipita kututazama. Tshibola alikuwa anaungua homa, na hospitali ya mgodi ilikuwa imemkataa kwa kuwa ni Mkasai.

Asubuhi moja akaja Numbi, Mkatanga aliyefanya kazi na mume wangu, macho chini.

"Tata Ntambwe, pompe zote zimesimama. Maji iko inapanda. Chef Banza, mukubwa wa mugodi, alisema tufute majina yote ya Bakasai mu programme."

Nilicheka hadi watu wakageuka. Wajinga! Walifuta majina, na amri za kuwasha pampu zikafutika pamoja nayo.

"Chef anasema, ukitengeneza, mutoto anaingia hospitali leo."

"Acha izame," nikamwambia mume wangu.

"Mama Kanku, kuko batu chini kule." Akamtazama Tshibola, akaenda.

Alirudi jua likiwa utosini, kwa miguu, peke yake. Pampu zilikuwa zinavuta. Banza alimpa mkono tu, akasema mambo ya hospitali ni kesho. Shukrani ya punda ni mateke. Kesho yake nilimbeba mtoto mwenyewe hadi mlangoni. Mlinzi hakuwa na habari yoyote kutoka kwa Banza. Tshibola alinifia mgongoni, njiani kurudi gare. Nina hasira mpaka leo, na asinijie mtu na habari za kusamehe.

Numbi alikuja mazishini, akalia. Nikamuuliza kama wameshayafuta tena yale majina.

"Hapana, mama. Chef anaogopa. Alikataza mutu kuyagusa."

Kolwezi ilikuwa na Tshibola wawili. Ikamtunza yule wa kwenye kadi.